Arobaini na Moja

Kioo kinasema arobaini na moja.
Kibao cha barabara: Carlin, thelathini na nne.
Maili saba za ziada, najiambia, saba si haba,
nakanyaga.

Huku hakuna kitu. Vichaka vya kijivu,
uzio wa ng'ombe, tuta la reli iliyong'olewa.
Nevada imejilaza kama mgonjwa aliyegeukia ukutani,
na mgonjwa wangu yuko Elko.
Helikopta ilimbeba alfajiri,
gari lake likabaki uani,
ufunguo ndani ya kikombe cha kahawa.

Haibridi. Alilinunua akiwa na miaka sabini na sita,
wafuga ng'ombe wakamcheka:
Ximun, hilo gari au jokofu?

Maili tano nimekwenda,
kioo kimekata kumi na mbili.
Hesabu gani hii?

Halafu nikaelewa.
Ile arobaini na moja haikuwa ahadi yangu.
Kipimo hakioni mlima ulio mbele,
hakijui upepo wala kilichonitoa nyumbani mbio.
Kinakumbuka mguu tu,
mguu wa Aita, ndivyo tuitavyo baba
sisi Wabaski wa kondoo,
mguu uliokwenda posta na kurudi
kama wa mtu aliyepakata mayai,
ukagusa breki mapema
ili betri nayo ipate chake.
Nilichokisoma nikidhani ni petroli
kilikuwa tabia.

Kumi na tisa. Carlin bado ishirini na nne.
Nikazima hita. Nikavua kiatu.
Lori likanipita kwa honi ya matusi;
apite, mwenye tangi apite.
Kwenye mteremko nikaachia, injini ikanyamaza,
na ukimya ule nikaujua:
ndio ulionitia hasira miaka yote pembeni yake,
Aita, kanyaga basi, tutafika kesho!

Namba ikasimama.
Halafu, sikuamini, ikapanda moja.

Haikutosha. Baadaye kioo kikaandika vistari vitatu,
hakisemi ipo, hakisemi imekwisha.
Nilikwenda na vistari hivyo maili tisa,
vidole vya mguu vimekufa ganzi,
nikiomba kwa lugha ambayo sijui kuiandika.

Pampu ya Carlin ilimimina galoni tisa na robo tatu, ikajikata.
Nikafungua droo nikitafuta kitambaa
nikakuta daftari lake, mwandiko wa penseli:
*Tangi ni kumi na moja. Kioo kinaficha moja na nusu.
Graciana asiambiwe, ataimaliza.*

Akiba haiozi, lakini hii alinificha hata harufu yake.
Nikacheka peke yangu, mpira wa pampu mkononi,
mpaka kijana wa dukani akatoka kunitazama.

Elko, maili ishirini na tatu.
Tangi limejaa, kioo kinasema mia nne na kumi.
Yeye kingemwandikia mia tano.
Kiatu nimekiacha kwenye kiti cha abiria.