Dereva

Mashine inasema: Hatuwezi kuanzisha mtandao-hewa.
Hatuwezi, kwa wingi,
kana kwamba baraza limeketi huko ndani,
likashauriana, likaninyima.

Saa tatu na robo. Saa nne kamili Tima anahojiwa
na chuo cha uuguzi, kwa video, kwa simu yake,
maana kamera ya kompyuta ilikufa Ramadhani ya juzi
(iliingia uji).
Waya wa intaneti umepenya tundu moja tu la ukuta
ukaishia hapa, mezani, chini ya zidaka.
Kuta hizi za matumbawe, dhiraa moja na zaidi:
waliozijenga walitaka jua na macho ya watu yabaki nje.
Mawimbi ya simu nayo yakahesabiwa wageni.
Na juu darini hakukaliki, mafundi wanapigilia chokaa.

Nilianza kwa lile alijualo kila mtu:
nikazima, nikahesabu kumi, nikawasha.
Hatuwezi.
Nikafupisha neno la siri, nikalirefusha,
nikalirejesha la zamani. Nikaweka hali ya ndegeni,
nikaiondoa. Ndege hata haikuruka.
Hatuwezi.
Nikafungua lile dirisha jeusi, nikaandika amri
herufi moja moja, pumzi nimeibana
kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.
Likanijibu: Kikundi au rasilimali haiko katika hali sahihi.
Hali sahihi!
Ni nani leo, Mkomani nzima, aliye katika hali sahihi?

Nikasimama kizingitini, mwili ndani, simu nje
(hapo mtandao hubeba sauti tu, sura haubebi),
nikampigia Lali wa Langoni.
"Ni dereva huyo," akasema, mdomo umejaa mahamri.
"Mng'oe, umweke mwengine."
Mama akadakia kutoka jikoni:
"Dereva? Dereva wa nini, mwanangu,
katika mji wa punda?"
Tima akacheka. Tangu alfajiri hakuwa amecheka,
alikuwa akisoma kwa midomo tu
dalili za upungufu wa damu.

Nikamng'oa dereva. Nikamshusha mwingine kwa waya,
polepole, asilimia kwa asilimia,
na kila nyundo ya juu ikanidondoshea vumbi jeupe
kwenye herufi za A na S.
Saa tatu na dakika arubaini na moja.
Dereva mpya akaingia, akakaa, akaandika:
Redio imezimwa.

Nikaisoma kwa sauti, nadhani kwa hasira.
"Redio sikuigusa miye," Mama akasema,
akaja mpaka mlangoni kujitetea.
"Miye nimepangusa hiyo mashine yako tu,
kama kila siku nikimaliza kuswali,
juu, chini, na mbavuni. Vumbi la mafundi lile,
ningeliwacha likuharibie?"

Mbavuni.
Nikaigeuza kompyuta kama mtoto anayetafutwa kupe.
Hapo, kando ya tundu la chaja,
swichi ndogo kuliko punje ya mpunga
imesukumwa upande wenye nukta nyekundu.
Miaka mitatu ninayo mashine hii
na sikujua ina swichi.

Sikumwambia. Niliisukuma kwa ukucha,
mgongo wangu ukimkinga asione.
"Ni dereva," nikasema. "Alikuwa amelala."
"Basi mumuamshe mapema siku nyingine."

Imewashwa. Kifaa kimoja kimeunganishwa.
Nikamtazama Tima: bado anafunga mtandio,
simu yake iko kifudifudi juu ya mkeka.
Jina la kifaa: Shekuwe 2.
Ng'ambo ya kichochoro, dirisha kwa dirisha,
neno la siri analo tangu harusi ya dada yangu.
Nikamwacha. Nafasi ni nane.

Saa nne kasoro dakika mbili
Tima ameketi chini ya zidaka, mgongo wima,
na sura ya mwanamke asiyemjua
inakusanyika vipande vipande kwenye kioo.
Mafundi, sijui nani kawaambia, wamenyamaza.
Mama amesimama kando, kitambaa mkononi,
anaitazama ile simu,
alama ya kidole pale pembeni ya kioo,
anajizuia.