Maswali ya Alhamisi

Ghala letu liko nyuma ya kituo cha zimamoto, Covilhã,
mji uliosokota sufi tangu enzi za mababu.
Saa tisa alasiri Dona Gracinda hufungua kufuli,
mimi napanga mikebe ya samaki juu ya meza,
na maswali huingia kabla ya watu.

Mnapokea magodoro? Hapana.
Nguo za ndani? Mpya tu.
Mwanangu ana miaka kumi na mitano, aruhusiwa kujitolea?
Aruhusiwa, simu aiache nyumbani.
Nikitoa mia, ngapi hufika?
Hilo hulijibu Gracinda mwenyewe:
hufunua daftari, husoma hadi bei ya balbu.
Mama mmoja alileta gauni lake la harusi,
akauliza kama inawezekana kutoa bila kushukuriwa.

Senhor Belmiro aliuliza yote.
Alhamisi tatu mfululizo, kofia mkononi,
mfumaji wa miaka arobaini
katika kiwanda ambacho leo ni maegesho ya magari.
Alipima blanketi kati ya gumba na kidole cha shahada.
"Hii si sufi. Ni plastiki iliyochanwa. Nani katoa hii?"
"Hatuandiki jina la mtoaji," nikamwambia.
"Na la mpokeaji?"

Sikulisikia swali hilo.
Yaani nililisikia, nikalijibu kikarani:
jina, anwani, idadi ya watu nyumbani, sahihi.
Akatikisa kichwa taratibu,
akavaa kofia, akaenda zake.

"Mzee yule mkaguzi," nikamnong'oneza Gracinda.
"Maswali yake mengi kuliko matundu ya chekeche,
na hajatoa hata kifungo."
Gracinda alikuwa anahesabu mchele.
Aliendelea kuhesabu.

Alhamisi ya nne theluji iliteremka kutoka mlimani.
Akaja tukiwa tunafunga.
"Kuna mtu," akasema, "mtu ninayemfahamu.
Anaishi peke yake, hita yake imezimika tangu Novemba.
Je, mtu huyo ni lazima aje mwenyewe?"

Kutoa ni moyo, ndivyo nilivyofunzwa,
nikakariri hadi ulimi ukaota sugu.
Hakuna aliyenifunza kupokea ni nini,
ni kiungo gani cha mwili kinachobeba mzigo ule.
Nilichokiona ni kofia ikizungushwa, ikizungushwa,
kama gurudumu la kusokotea lililoishiwa uzi.

Gracinda akafunga daftari.
"Mwambie mtu huyo kwamba sisi tuna shida.
Mablanketi yanatufikia yamechanika,
na humu ndani hakuna anayejua kushika sindano.
Huyu binti ukimpa kifungo atakishona kwenye kidole chake."
(Uongo. Nashona vizuri tu.)
Belmiro akatazama rundo.
"Mtu huyo anaijua kazi."
"Basi achukue matano.
Manne ayarudishe yameshonwa.
La tano tusilione tena."

Alhamisi iliyofuata yalirudi matano,
yamekunjwa kama barua,
mishono usiione hata ukiyainua kwenye mwanga.
Gracinda akaapa kiapo ambacho padri asingekipenda.
Kisha akainama chini ya meza,
akavuta hita ya gesi, akaiburuta sakafuni
hadi ikagota kwenye viatu vya mzee.
"Na hii nayo ina ubovu. Nenda nayo, itazame."

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa nyuma,
ukucha wangu ukibandua taratibu
kile kikaratasi cha bei.

Belmiro akapiga goti. Akafungua, akafunga,
akanusa mpira, akagonga bati kwa kifundo cha kidole,
kisha akainua macho, mekundu kwa baridi au kwa jingine:
"Ubovu wake uko wapi?"

Tukapekua daftari zima, mimi na Gracinda,
tumeinamisha vichwa, ukurasa kwa ukurasa,
kama watu wanaotafuta jibu.