Mizunguko Elfu Nane

Nilikwenda na zloti mia nne na hamsini
na gita lenye shimo katikati ya tumbo,
nyaya mbili zikining'inia kama matumbo ya kuku.

Nataka kikali, nikamwambia Bi Bogumiła.
Kikali kuliko vyote ulivyonavyo.
Tumeshusha nyuzi hadi zimelegea kama kamba za kuanikia,
tunapiga muziki mzito, chini ya pale wanapoosha magari,
nataka ukuta upasuke.

Hakunijibu. Alikuwa anahesabu.
Mashine yake, iliyozaliwa cherehani,
ilikuwa inameza waya wa shaba mwembamba kuliko unywele:
elfu saba mia tisa tisini na nane, tisini na tisa,
elfu nane. Akakata kwa meno.

Miaka ishirini na sita alisuka transfoma
kiwandani, hapa hapa Bytom, mpaka kiwanda kikafungwa.
Sasa anasuka vinasa,
vidude vya ukubwa wa kiberiti
vinavyotega mtetemo wa uzi kama ulimbo utegavyo ndege.
Wengine huviita pikapu. Ungedhani vinabeba mchanga.

Akaweka viwili mezani, juu ya gazeti la mwaka juzi.
Hiki sumaku yake ni ya kauri, kimesukwa mpaka kimenona.
Ndicho wanachotaka vijana.
Na hiki, nusu yake. Sumaku ya kizamani,
aluminiamu, nikeli, kobalti. Hakiulizwi.

Tukaanza na kilichonona.
Mama yangu! Vikombe vilicheza kabatini.
Nilipiga nyuzi sita ikatoka sauti moja,
nene, nyeusi, lori la makaa likimwaga mzigo,
na likaendelea kumwaga hata nilipoinua mkono.
Nikacheka. Nikasema, funga, nakichukua.

Ngoja, akasema.

Cha pili kilianza kinyonge.
Niliona haya kwa niaba yake.
Kisha nikalaza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi
nikapiga: du. du. du-du.
Na kati ya du na du
palikuwa na kitu ambacho cha kwanza hakikuwa nacho:
hapakuwa na kitu.

Koili mbili, akasema, akionyesha kwa sindano,
moja imesukwa kulia, mwenzake kushoto.
Mvumo wa taa, wa jokofu, wa nguzo ya umeme barabarani
unaingia kwa zote mbili,
hii ikisema ndiyo, hii ikisema siyo,
mpaka mvumo unajifia wenyewe. Unabaki uzi tu.
Mimi na Gerard tulikuwa hivyo, akaongeza,
na sikujua kama anasifu au analalamika.

Gerard alichimba makaa. Mwaka ule mwamba ulipoporomoka
walibaki tisa chini, na juu kulikuwa na pampu, feni, ving'ora,
wake za watu wakilia langoni.
Mkuu wa zamu akaamuru: zimeni. Zimeni vyote.
Ndipo likasikika bomba:
ngo. ngo. Halafu kimya. Ngo.
Mtu anagonga kwa jiwe, mita mia sita ardhini.
Sijasikia muziki mzito kuliko ule, akasema,
akapiga chafya, akaniuliza kama nina tishu.

Sikuuliza Gerard alikuwa upande gani wa bomba.

Akakitumbukiza kile kinyonge kwenye nta ya moto
kisije kikapiga yowe jukwaani,
akachomelea nyaya kwa risasi,
akanirudishia zloti themanini.

Ziemowit hakufurahi. Moto uko wapi? aliuliza
jioni ile, vijiti vya ngoma kwapani.
Sikuwa na jibu. Bado sina hakika.
Usiku mwingine hukiota kile kilichonona,
naamka vidole vimekunjika.

Lakini kuna pale mwisho wa wimbo wetu wa tatu
tunapokata sote kwa pamoja, mapigo manne matupu.
Zamani amplifaya ilinguruma pale, tukaiita hasira.
Sasa tunasimama, viganja juu ya nyuzi,
na tunasikia, juu ya dari,
maji yakidondoka kutoka kwenye gari la mtu,
tone,
tone,
kisha Ziemowit anavuta pumzi.