Mkono Una Ndia Yake

Nilirudi Mkomani na futi kamba mfukoni,
mikebe kumi na miwili yenye vifuniko,
na karatasi za gundi nilizoandika kwa mwandiko wa shule:
MCHELE. FUNGUO. DAWA ZA MAMA. MIWANI.
Nikasema, nyumba hii sasa itanyooka.

Siku tatu ilinyooka.
Ya nne, funguo zilikutwa kidakani, msana wa tini,
pale pale, kando ya chetezo kilichovunjika sikio.
Miwani juu ya ukingo wa birika.
Mkebe wa DAWA ulikuwa na njugu.

Famau nilimgombeza: viatu, Famau!
Nimekuwekea rafu nzima nyuma ya mlango.
Aliitazama rafu kama mtu anayetazama jirani mpya,
akaisalimu,
akavua makubadhi yake dakani, moja huku, moja kule,
kwa kuwa hapo ndipo miguu yake,
tangu ana miaka saba,
husikia ubaridi wa sakafu ikajua imefika.

Mama hakusema neno. Alikuwa anakuna nazi.
Mbuzi yake haikai jikoni, hukaa kiwandani,
chini ya ngazi, upande usiofikiwa na jua hadi saa nane.
Nilikuwa nimeiondoa mara mbili.
Mara mbili ilirudi, sikuona nani aliyeirudisha.
"Mkono una ndia yake," alisema mwishowe.
"Ukiuzibia, hupita yuu ya ukuta."

Basi kesho yake sikupanga kitu.
Nilikaa juu ya kigoda, na penseli, tangu alfajiri,
nikaandika nyumba inavyotembea.

Shangazi Mwanamize huvua buibui angali anaongea,
huliacha liangukie ncha ya ulili. Ncha ile ile.
Swafiya akitoka chuoni huweka juzuu juu, kwa adabu,
kisha hutupa kila kitu kingine.
Famau hunywa maji kabla ya kusalimu;
kata humfuata mkononi hadi chumba cha pili,
hulala huko.
Mama hupita ukutani kwa kiganja,
macho yake siku hizi yana ukungu,
na penye kona ya choo chokaa imeingia weusi
kimo cha bega lake.
Juu kidogo, kimo cha bega la baba,
pana weusi mwingine, mkavu.
Huo sikuuandika.

Bwanaadi alikuja na ndoo ya chokaa.
"Nianzie hapa penye uchafu?"
Nikamwambia hapo si uchafu, hapo pameandikwa.
Alinitazama. Akaanzia kwingine.

Nikabandua karatasi zangu zote.
Rafu nikaikata: ubao mmoja dakani, chini kabisa.
Kata ya pili, chumba cha pili, kwenye uzi.
Kigingi juu ya ncha ya ulili.
Kapu la mkindu pale Swafiya anapotupia;
bado anatupa, ila sasa hulenga.
Miwani nikaitilia kidau cha kifuu pale birikani,
anapoivua kutawadha.
Mikebe nikampa jirani, atie achari.

Kwenye orodha yangu, mimi sikuwamo.

Siku ya kuondoka nikautafuta mkoba
pale ninapouacha siku zote: sakafuni,
karibu na mlango, zipu imefungwa,
kama mgeni anayekalia nusu ya kiti.
Haukuwapo.
Ulikuwa umetundikwa kwenye msumari mpya,
uliopinda, uliopigwa na mtu asiyeona vyema,
na kuuzunguka, ndani ya chokaa mbichi ya Bwanaadi,
alama za nyundo iliyokosa, nne, tano.

Mama alikuwa anakuna nazi.
"Mwenye punda yuwangoja ndiani," alisema,
hakuinua uso.

Nikanyoosha mkono.
Msumari ulikuwa kimo cha bega langu, sawasawa.
Sijui alinipima lini.