Yah: Maombi ya Kazi, Chumba cha Maiti

Ndugu Katibu wa Hospitali,
husika na kichwa cha habari hapo juu.
Mimi ni Subilaga Mwakibete, miaka ishirini na minne,
wa Uyole, nyuma ya bucha yenye mlango wa kijani.
Tangazo nimelisoma ukutani Mwanjelwa,
limebandikwa juu ya tangazo la mbegu za viazi.
Mvua ilishakula namba ya simu,
ndiyo maana nimekuja kwa miguu, na bahasha.

Sifa za mwombaji, mmeandika:
kidato cha nne, afya njema, asiwe mwoga.
Cheti ninacho. Baiolojia nilipata C.
Kemia nimeirudia mara mbili, ya pili kwa pesa ya kuku.
Uoga haukuwa kwenye mtihani.

Penye uzoefu wa kazi
nilikaa na kalamu hadi chai ikapoa,
na Uyole mwezi wa saba chai haichelewi.

Andikeni hivi: baba alikuwa mchinjaji.
Saa kumi na moja alfajiri, sakitu imelala kwenye majani,
mimi nashika kurunzi, bwana mifugo anapasua ini.
Mulika hapa, anasema, acha kunimulika usoni.
Mirija imekakamaa kama shina la kiko,
ndani yake minyoo bapa, vijani vinavyojikunja.
Huyu alikunywa maji ya bondeni, anasema,
si jana, si juzi.
Ng'ombe hakuwa amemwambia mtu.
Kisha muhuri wa bluu, au shimo la chokaa.
Nilikuwa na miaka tisa.

Baba alianguka palepale, penye gogo la kukatia nyama.
Ukoo ukakaa kikao.
Akatajwa shangazi Ikupa,
kwa sababu ya mpaka wa migomba,
kwa sababu alichelewa kulia.
Alihama usiku, godoro kichwani.
Hakuna aliyefungua, hakuna aliyemulika.
Tulimzika baba na jibu lake ndani,
na mimi nimekuwa nikiliwaza lile jibu,
lilivyo karibu,
futi sita tu.

Mama anauliza nani atakula ugali
uliosongwa na mikono ya huko.
Ya bucha mlikula, nikamwambia.
Ambokile wa gereji ameuliza kama harufu hutoka.
Hutoka, nikamwambia, kama dizeli.
Hajarudi tangu Jumapili.

Nilikwisha kupita hapo kwenu, msinikasirikie.
Bwana Nyalusi wa zamu ya asubuhi alinieleza
kuhusu glavu zinazokwisha tarehe ishirini,
kuhusu ndugu wanaokuja na shuka isiyotosha urefu.
Akanionyesha dirisha la maabara.
Mtu anakata kipande kilichogandishwa ndani ya nta,
chembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
anakitia rangi, kinageuka waridi na zambarau
kama kanga ambayo haijafuliwa.
Nikauliza, yule alianzaje?
Kwa kudeki, akasema.

Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha hii, mtaiona:
kutoka dekio hadi kile kisu, stashahada, miaka mitatu,
kutoka kisu hadi kuweka sahihi chini ya neno "sababu",
udaktari miaka mitano, mmoja wa mazoezi,
halafu minne tena,
na katikati ada, na katikati kemia.
Nitakuwa nimepita arobaini.
Arobaini nitaifikia hata nikiuza viazi.

Viambatisho:
nakala ya cheti;
picha mbili (moja nimefumba macho, samahani);
barua ya mtendaji wa kata,
aliyeandika kwanza "wodi ya wazazi".
Nilimrudishia. Akanitazama sana,
akafuta, akaandika ipasavyo,
muhuri akaugonga kwa mbali, mkono umenyooka.

Wako katika ujenzi wa taifa,
S. Mwakibete.

N.B. Naweza kuanza Jumatatu.
Kurunzi ninayo.