Wasiokuwemo

Niliajiriwa Julai, Arusha imevaa ukungu hadi shingoni,
kuingiza fomu za baharini kwenye kompyuta.
Mimi, mzaliwa wa Usa River, maji makubwa niliyowahi kuvuka
ni Themi, tena darajani.

Kamba, kwetu, ni ya kumfungia ndama.
Taa ni ya kuwasha. Kasa ni ya saa: mbili kasa robo.
Siku ya kwanza nikamuuliza Dakta Nanyaro
mbona meli hii imevua taa kumi na moja,
akacheka mpaka akavua miwani.

Fomu ni za Kombo Mwinyijaa, mwangalizi melini,
kalamu ya risasi, mkono ukiyumba na wimbi.
Zinanuka hata leo.
Wavu umekokotwa saa tatu. Kamba, kilo kumi na nne.
Halafu wengine:
hongwe, chaa, mkizi, kaa wasio na soko,
pono, yule yule tunayemsingizia usingizi,
sasa kalala kweli,
papa mchanga, urefu wa rula ya shule.
Kilo mia moja na tisa. Wamerudishwa majini.
Kwenye safu ya "hali" kaandika: wamekufa, wamekufa,
kisha alama za kurudia,
nukta mbilimbili zinashuka ukurasa mzima kama sisimizi.

"Mtego wa panya," nikaanza. Dakta akanikatiza:
methali haina uzito. Pima.

Basi napima. Kila jina, namba mbili:
anazaaje, na wavu unampataje.
Moja ni nafuu. Tatu ni hatari.
Chaa huzaa kama mvua ya masika; moja.
Taa hungoja miaka, kisha huleta watoto
wa kuhesabu kwa mkono mmoja; tatu.
Na kasa? Pembezoni Kombo ameandika:
Mmoja. Mzima. Tulimmwagia maji.
Alihema kama mama yangu.
Kompyuta haina kisanduku cha hilo.

Mchana kikao kikahamia hotelini, Njiro.
Sinia likaja: kambamiti wa nazi,
wamesafiri usiku kucha juu ya barafu
kuja kuonana na mlima.
Nilikula. Watano. Sitawadanganya, walikuwa watamu.
Kwenye karatasi ya kufutia mikono nikapiga hesabu
ya waliokuja nao: kilo moja na ushee
kwa sahani yangu tu.
Tulikuwa watu ishirini na wawili, na wengine waliongeza.

Jioni ukabaki mstari wa mwisho, ule wa fomu zote:
Wengineo. Kilo arobaini.
Nikampigia Kombo. Mtandao ukakatika mara mbili.
"Wale wadogo," akasema, "kama ukucha, kama wembe.
Majina sikuwa nayo. Tuliwasukuma kwa koleo
deki isiteleze."
Wangekua, nikauliza, wangekuwa nini?
Akanyamaza. Nikasikia redio kwake, mtoto analilia chai.
"Andika sijui."

Mwongozo, ukurasa wa tisa, una sheria moja niipendayo:
usichokijua usikipe moja. Kipe tatu.

Nikawapa tatu, wote, bila majina,
nikazima taa, ile ya kwetu,
nikashuka ngazi polepole
kama mtu anayeogopa kukanyaga.