Safu ya Tatu, Katikati

Kalunde, orodha yako imefika.
Nimeisomea dirishani, penye mtandao,
simu nimeiinua kama mtu anayekinga mvua,
na ng'ambo ya reli behewa la tumbaku linapakiwa.
Wapagazi wanahesabu magunia kwa Kinyamwezi,
mimi nahesabu michezo: mitano,
na siku zangu Kampala ni tatu.

Umeniandikia bei, na saa, na upi unasifiwa.
Ule wa Kiswahili, wa kikundi kilichopanda kutoka pwani,
umeutia nyota mbili:
"Baba, huu ni wako kabisa."
Huo ndio naanza kuufuta.

Usinune. Sikiliza kwanza.
Miaka kumi na tisa, pale ukumbi wa reli,
nilikaa nyuma ya pazia, upande wa kushoto,
juu ya kreti la soda, tochi kwapani, daftari gotini.
Mnong'onezaji.
Mchana karani wa mizigo, usiku kumbukumbu ya wenzangu.
Mfalme akisahau ufalme wake, nampa.
Bibi harusi akisahau kukataa, namkatalia mimi.
Siku Mwalimu Kapela alipokauka katikati ya kiapo
nilimtupia neno moja tu, "ardhi,"
akalidaka hewani,
ukumbi mzima ukasimama.
Mimi nilikuwa natazama visigino vyake.
Soksi ya kulia ilikuwa na tundu.

Hayo ndiyo maigizo niliyoyaona:
visigino, migongo, pindo za kanga,
jasho linaloshuka shingoni.
Uso, hata mmoja, sikuuona.
Aliyeona ni mama yako. Safu ya tatu, katikati,
na karanga zake kwenye leso.
Tukirudi kwa miguu hadi Cheyo
alinisimulia mchezo niliokuwa ndani yake:
"Alipotaja ardhi, uso aliukunja hivi,"
na kwenye giza lile akaukunja wake.
Huo nao sikuuona.
Nikasema, "Ndiyo, naona."

Haya, tupange.
Ule wa ngoma hamsini, hapana.
Ngoma haina cha kusahau, nitasinzia.
Wa mwenye nyumba na wapangaji, wa kuvunja mbavu,
nakubali, usiku wa kwanza,
maana mumeo na mimi hatujawahi kucheka pamoja.
Wa mahakama, wa Kiingereza, weka alama ya kuuliza;
Kiingereza changu ni cha stakabadhi:
tani, gunia, imepokelewa, imeharibika njiani.
Na wa Kiswahili, najua kitakachotokea.
Midomo itaanza kutangulia.
Jirani atanigeukia.
Mwigizaji atanyamaza kwa makusudi,
kimya cha ustadi, cha mazoezi ya miezi,
na mimi, mwanangu, nitakijaza.

Kwa hiyo nichukulie ule ulioutaja mwishoni, kwa aibu kidogo:
wa Kiluganda, usio na mkalimani,
mjane anagawa shamba la migomba.
Sijui neno hata moja. Ndiyo raha yake.
Akisahau, sitajua.
Akisahau, si juu yangu.
Nitaweka mikono mapajani kama mgeni
nitazame uso.

Kiti kisiwe cha pembeni. Pembeni nimekaa.
Safu ya tatu, katikati, hata kama bei imepanda;
toa kwenye ile hela ya kunitembeza ziwani.
Treni ya Mwanza naipanda Jumatano, ikija Jumatano,
kisha basi, kisha Mutukula na mihuri yake.
Asali ya Sikonge ninayo, lita tano,
nimeifunga mara tatu.

Na tukitoka usiku ule usiite pikipiki.
Tutembee kidogo.
Wewe utanieleza mjane alisema nini.
Mimi nitakueleza, alipokuwa akisema,
uso ulikuwaje.
Nitakuonyesha.
Ila tusimame penye taa.